Tiger Woods na mpira alioubadilisha Mei 2000: alikuwa anatafuta nini hasa

Mei 2000 mchezaji bora wa gofu duniani aliacha mpira ambao alikuwa anashinda nao. Sio kwamba alikuwa amekwama. Mwaka 1999 alikuwa amechukua mashindano 8 ya PGA Tour, PGA Championship pale Medinah ikiwemo, na 2000 ilipoanza akaendelea palepale, Februari pale Pebble Beach kwenye AT&T alikuwa nyuma mikwaju 7 mashimo 7 yamebaki, akatumbukiza mpira kwa weji, klabu ya mikwaju mifupi, kutoka mbali shimo la 15 na akashinda kwa mikwaju 2. Machi akachukua Bay Hill. Mtu wa namna hiyo ukimwambia abadilishe mpira atakuuliza kwani shida iko wapi.

Lakini Tiger alibadilisha, tena katikati ya msimu, wiki chache tu kabla ya U.S. Open, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu. Kisa hiki watu wengi wa gofu wanakijua ila wanakisimulia kwa kukata kona, wanasema alipata mpira bora zaidi ndo akashinda kwa mikwaju 15, basi na wewe nenda kanunue mpira bora zaidi. Mimi naona hapo ndo tunapopotea. Tiger hakutafuta mpira bora. Alijua swingi yake, yaani anavyozungusha klabu, inamgharimu wapi, akatafuta mpira unaopunguza hiyo gharama bila kumnyang'anya kile alichokuwa nacho karibu na grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na alichokuwa anapiga. Miaka ile mabingwa wengi walikuwa bado wanacheza mpira wa kusokotwa. Katikati kuna kiini kidogo, mara nyingi chenye majimaji, kinazungushiwa uzi mrefu wa raba uliovutwa sana, halafu juu linavalishwa ganda laini. Zamani ganda lilikuwa la balata, laini mno, ukiukosea kwa ayani, klabu ya chuma, ukaupiga na ukingo wa klabu unaukata kabisa na huo ndo mwisho wake. Tiger alikuwa kwenye Titleist Professional, wa kusokotwa pia ila ganda lake la yurethani, gumu kidogo kuliko balata. Upande wa pili kulikuwa na mipira migumu ya vipande viwili, kiini kikubwa cha raba na ganda la plastiki ngumu iitwayo Surlyn, hiyo ndo ilikuwa ya watu wa kawaida, inaenda mbali, haikatiki, ila ukiupiga kwenye grini unagonga na kukimbia zake. Kwa hiyo chaguo lilikuwa hilo, umbali au kusimama, na bingwa alichagua kusimama maana pesa ziko kwenye grini.

Kulikuwa na dalili kwamba huo mgawanyo unaanza kuisha. Mark O'Meara, rafiki na jirani wa Tiger kule Orlando, alishinda Masters na Open ya Uingereza, nayo ni kati ya yale manne makubwa, mwaka 1998 akiwa na Strata, mpira wa tabaka usio na uzi ndani. Kwa hiyo Tiger hakuwa anasikia tetesi kutoka kwa muuzaji, alikuwa anaona kwa macho yake mtu anayecheza naye mara kwa mara.

Sasa shida yake. Spini ya nyuma, yaani mpira kujizungusha kurudi nyuma ukiwa angani, ndo inayouinua mpira hewani, bila spini mpira unaanguka mapema, hiyo sawa. Lakini mtu anayezungusha draiva, klabu ndefu ya mkwaju wa kwanza, kwa zaidi ya maili 120 kwa saa tayari ana mwendo wa kutosha kuuinua, ukimpa na mpira unaopenda kuzunguka anapata spini iliyozidi. Siku ya utulivu haionekani sana, inaonekana siku ya upepo. Upepo wa mbele ukija mpira unapanda juu juu, unapoteza mwendo, unashuka wima yadi nyingi kabla ya pale ulipotarajia. Upepo wa ubavuni ukija, kwa vile umekaa hewani muda mrefu, unasukumwa tu. Mpira wa kusokotwa ulikuwa unachukua spini kwa kila klabu, kwenye weji unafurahi, kwenye draiva na ayani ndefu unalia. Na huyu jamaa ndo alikuwa na mwendo kuliko karibu wote, kwa hiyo ile kasoro ya mpira kwake ilikuwa kubwa kuliko kwa wengine.

Hapo kuna jambo watu wanaliruka. Mchezaji mwenye swingi ya polepole akiwa na mpira uleule haumizwi hivyo, pengine hata unamsaidia maana yeye anahitaji spini ya kuuweka hewani. Mpira mmoja, swingi mbili, matokeo kinyume.

Nike walikuwa wameshaingia kwenye mipira ya gofu. Mpira wao ulikuwa unaitwa Tour Accuracy, unatengenezwa na Bridgestone wa Japani, na mhandisi aliyekuwa anausimamia anaitwa Rock Ishii. Vipande vitatu, kiini kigumu cha raba ya kutengenezwa, tabaka la kati, halafu ganda jembamba la yurethani juu. Na wazo lenyewe ni zuri sana ukilielewa. Ukiupiga kwa draiva mpira unabonyea mpaka ndani, kwa hiyo kinachoamua spini ni kiini na hilo tabaka la kati, na hivyo viwili vimepangwa ili usizunguke sana. Ukiupiga kwa weji haubonyei hivyo, ganda laini ndo linabanwa kati ya mifereji ya klabu na tabaka gumu la chini yake, linashika, unapata spini. Yaani unaweza kupata spini ndogo kwa draiva na spini kubwa kwa weji kwenye mpira uleule. Kwenye mpira wa uzi hilo lilikuwa gumu kulipata.

Kuna wanaosema alibadilisha sababu ya pesa. Ni kweli Nike walikuwa wanamlipa tangu 1996 alipogeuka mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo sababu ya biashara ilikuwepo na sitaki kuificha. Lakini kama ingekuwa pesa tu angesubiri msimu uishe. Hakuna mtu anayebadilisha mpira mwezi mmoja kabla ya U.S. Open kwa ajili ya kumfurahisha mdhamini, hiyo ni kuhatarisha kile kitu anachokitaka kuliko vyote.

Ilivyokuwa ni hivi. Aprili kwenye Masters alimaliza wa 5, Vijay Singh akachukua. Mei akacheza Byron Nelson huko Texas, akakosa kwa mkwaju mmoja kuingia kwenye mashimo ya ziada ya kutafuta mshindi, na Jumapili hiyohiyo akampigia simu Kel Devlin wa Nike kumwambia anataka mpira Ujerumani, Jumanne asubuhi, maana wiki ile alikuwa anaenda kucheza karibu na Hamburg. Ikabidi Ishii atoke Japani na mipira kwenye begi. Jumanne wakakutana, hali ya hewa mbaya, mvua, upepo unavuma kutoka ubavuni.

Hapa ndo napenda kukaa, sababu kwa maoni yangu hiki ndo kiini cha kisa chote kuliko hata ile U.S. Open. Mtu mwingine angesema leo upepo mwingi, tusubiri siku nzuri tupime vizuri. Yeye akapima palepale. Akapiga Titleist, akapiga Nike, klabu ileile, shabaha ileile, upepo uleule. Mpira wa zamani akiupiga unaanza kupambana na upepo halafu unachukuliwa, unasogea. Mpya unaanza kwenye mstari na unabaki karibu na mstari. Halafu akaenda kwenye mikwaju midogo ya kuzunguka grini kuona kama unasimama. Hakuuliza unaenda yadi ngapi. Aliuliza unafanya nini siku ambayo mambo ni mabaya, na je bado unanisikiliza nikiwa karibu.

Wiki hiyohiyo akaucheza kwenye mashindano Ujerumani, akamaliza wa 3 kwa kulingana, Lee Westwood akashinda. Sio ushindi, ila alikuwa ameshaamua. Wiki iliyofuata akarudi Marekani akachukua Memorial pale Muirfield Village kwa mikwaju 5. Halafu Pebble Beach.

U.S. Open ya 2000 wengi mnaijua. 65, 69, 71, 67, jumla 272, mikwaju 12 chini ya kiwango cha uwanja. Waliomfuata, Ernie Els na Miguel Ángel Jiménez, walimaliza mikwaju 3 juu ya kiwango. Hakuna mwingine hata mmoja aliyemaliza chini. Tofauti ya mikwaju 15, ikavunja rekodi ya Old Tom Morris ya mikwaju 13 iliyokaa tangu 1862. Na Pebble Beach uko kando ya bahari ya Pasifiki, grini ndogo, siku ya tatu upepo ulivuma vibaya na karibu kila mtu akaharibikiwa, yeye akapiga 71 na shimo la 3 akachukua mikwaju mitatu zaidi ya kiwango. Yaani hata yeye aliharibu. Ila baada ya pale akajikusanya.

Sasa swali la mchambuzi, ni mpira? Hebu tuwe wakweli. Uwanja huohuo, Februari, mpira wa zamani, alishinda. Kwa hiyo mpira haukumfanya awe mshindi. Mwaka ule alikuwa anapata mipira kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi, anapata grini, anapiga pata, mikwaju ya kuviringisha mpira kwenye grini, kwa namna ambayo sijaona tena, pale Pebble Beach hakupiga pata tatu kwenye shimo hata moja. Hakuna mpira duniani unaokupa hiyo. Lakini angalia kilichofuata, Open pale St Andrews akamaliza 19 chini ya kiwango, mbele kwa 8, siku zote nne hakuingia banka, yaani shimo la mchanga, hata moja kwenye uwanja ambao umejaa mabanka na upepo wa baharini. Kisha PGA pale Valhalla kwa mashimo ya ziada dhidi ya Bob May, kisha Masters 2001. Makombe manne makubwa yote yapo nyumbani kwake kwa wakati mmoja. Mimi nasema hivi, ustadi ulikuwa wake, mpira uliondoa yale makosa ambayo hayakuwa ya kwake. Mkwaju aliopiga vizuri ulikuwa unafika pale alipoulenga, na zamani siku ya upepo haukuwa unafika kila mara. Kwa mchezaji wa kiwango kile hiyo ni tofauti kubwa sana.

Na wenzake waliona. Oktoba ileile Titleist wakaleta Pro V1 kwenye mashindano ya Las Vegas, wachezaji kibao wakahamia siku ya kwanza tu, na Billy Andrade aliyeshinda alikuwa anaupiga huo. Ndani ya mwaka mmoja hivi mpira wa kusokotwa ukawa karibu umetoweka kwa mabingwa. Teknolojia ya karibu miaka 100 imeondoka kwa msimu mmoja.

Kuna kipande kingine cha kisa hiki ambacho watu wanakichukulia kama kichekesho ila mimi nakichukulia kwa uzito. Turudi kwenye ile U.S. Open ya Pebble Beach, raundi ya pili ilikatishwa na giza Ijumaa, wakarudi Jumamosi asubuhi kumalizia. Ijumaa usiku Tiger alikuwa ametoa mipira kwenye begi anafanya mazoezi ya kupiga pata chumbani hotelini, na mingine ikabaki kulekule. Wanafika shimo la 18, Tiger anavuta draiva mpira unaingia baharini, kedi wake, mbeba begi, Steve Williams anaingiza mkono kwenye begi anakuta umebaki mmoja tu. Mmoja! Na shimo lenyewe lina bahari upande wote wa kushoto. Sheria ya mashindano yale ilikuwa unatumia aina moja ya mpira raundi nzima, na pale uwanjani huwezi kwenda kumwomba Els akukopeshe wake. Williams hakumwambia, alijaribu kumshauri atumie klabu ya usalama zaidi, jamaa akachukua draiva tena, akaupata feawei, akamaliza shimo kwa mkwaju mmoja juu ya kiwango.

Kwa nini nasema ni jambo zito? Sababu ile sheria inakuonyesha jinsi watu wa kule juu wanavyouchukulia mpira, kwamba ukibadilisha aina umebadilisha kifaa. Sisi huku ukifungua begi la mtu kwenye viwanja vya Dar es Salaam, Lugalo au Gymkhana, unakuta aina saba, nane. Mwingine kaupata kwenye zawadi ya mashindano ya kampuni, mwingine kauokota kwenye rafu, mingine kanunua kwa vijana wanaotoa mipira kwenye maji, na shimo hili anapiga mgumu wa vipande viwili, shimo linalofuata anapiga wa yurethani, halafu chipu yake, ule mkwaju mfupi wa kuuingiza mpira grini, ikikimbia upande wa pili wa grini anakasirikia mikono yake. Mikono haina kosa. Chipu ileile kwa mipira hiyo miwili inaweza kupishana hatua kadhaa. Huwezi kujifunza kugusa kama kinachoguswa kinabadilika kila shimo. Kwa mtu wa hendikapu 18 au 24, yaani mchezaji wa kawaida anayepewa mikwaju hiyo ya nyongeza, kabla hata hujauliza mpira upi, kukaa kwenye mpira mmoja kunakusaidia kuliko jina lililoandikwa juu yake, hilo nalisema kwa uhakika wote.

Halafu tulichukue swali la Tiger tuliingize kwenye swingi yako. Wachezaji wengi wa kiume wa kawaida wako kwenye maili 90 na kitu kwa saa. Ukiwa hapo na mpira wako unaruka chini chini, tatizo lako sio la Tiger, ni kinyume chake, spini ikipungua sana mpira hautakaa hewani, utadondoka mapema. Kununua mpira wa spini ndogo kwa vile bingwa fulani anaupiga ni kununua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Ukiwa na mwendo huohuo lakini unapiga kwa kukata, unapanda mpaka juu na kuzama kulia, hapo mpira wenye spini ndogo utakupunguzia kidogo ule mkunjo, kidogo tu, swingi bado ndo yenye kosa, na utalipa kwenye grini kama ganda ni gumu.

Na hii imani kwamba swingi ya polepole inahitaji mpira laini ili uweze kubonyea, watu wengi wanaishika kama sheria. Ukipima kwa roboti, mpira laini sana unatoka kwenye klabu polepole kidogo hata kwa swingi ndogo. Ulaini ni suala la mkono kupenda, wapo wanaopiga pata vizuri zaidi wakisikia mlio laini, na hiyo ni sababu halali kabisa ya kuuchagua. Ila usiuchagulie umbali.

Mazingira nayo yanaingia. Nairobi iko juu, mita 1,600 na zaidi, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali na unapinda kidogo, mtu akizoea hapo akishuka Nyali au Vipingo wakati wa kusi anashangaa kila ayani inapungua na kila mkunjo umeongezeka. Huyu anayecheza pwani kila wiki ana sababu kubwa zaidi ya kujali spini ya ayani ndefu kuliko wa Muthaiga. Arusha na Moshi mnakaa katikati. Na kiangazi grini zikikauka, mpira wa ganda gumu hausimami hata ukiupiga vizuri, hapo yurethani inalipa.

Bei ndo kikwazo, najua. Dazeni moja ya mipira ya daraja la juu ni zaidi ya dola 50 Marekani, kabla haijapanda ndege. Kama unapoteza mipira minne kwa raundi usiingie huko. Kuna yurethani za bei ya kati, na kuna mipira ya kuokotwa ambayo bado mizuri kama ganda halijachubuka na haujakaa majini muda mrefu, muhimu ununue wa aina moja, mwambie kijana akuchagulie hiyo tu na umlipe vizuri kwa kazi hiyo.

Ukitaka kupima, chukua aina mbili au tatu, usianzie kwenye tii. Anzia kwenye chipu ya hatua ishirini, kisha weji ya yadi 60, halafu ayani kwenye grini, angalia unadondokea wapi na unasimama wapi, kwa zamu, huu, ule, huu, ule, usimalize aina moja ndo uhamie nyingine maana mwili unachoka na upepo unabadilika. Zile zilizopita hapo ndo uende nazo kwenye draiva, na uende alasiri upepo ukiwa umeamka. Draiva zikiwa zinakaribiana, na mara nyingi zitakaribiana, maliza kwa ule uliokupendeza kwenye chipu.

Nike walipoacha kutengeneza vifaa vya gofu mwaka 2016, Tiger akabaki hana mkataba wa klabu wala mpira. Desemba akasaini mpira, Bridgestone, ambao ndo waliotengeneza ule wa 2000. Klabu zikafuata mwezi uliofuata.